Kijana wa Karate Ana Mwalimu, Hana Bwana

Siku hizi hapa Tabora, kama ilivyo Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam, ukipita jioni karibu na viwanja vya shule huenda ukawaona vijana waliovaa nguo nyeupe, wamejipanga safu, wanapiga hewa kwa ngumi na kuitika kwa sauti moja. Wazee wengine hutikisa kichwa. Husema ni uhuni huo, maana kijana akishajua kupiga hatakosa kutafuta wa kumpiga. Lakini wako watu wengine, nao ni wenye vyeo au wenye kuvitafuta, ambao hawatikisi kichwa hata kidogo. Hao huitazama ile safu, huhesabu mabega, kisha husema moyoni mwao: hawa watanifaa wakati wa uchaguzi.

Mimi nasema wote wawili wamekosea, na kosa la huyu wa pili ni baya zaidi. Na kwa kuwa huyu wa pili mara nyingi ni mwenzetu, mwenye kadi kama yangu na yako, yafaa tuseme naye waziwazi katika gazeti letu wenyewe.

Kwanza tuulize karate ni kitu gani, maana wengi wanaijua kwa sinema tu. Karate haikuzaliwa Tokyo. Ilikulia Okinawa, visiwa vidogo vilivyokuwa na mfalme wao. Mwaka 1609 majeshi ya Satsuma kutoka Japani yaliwashinda watu wa visiwa vile, na mwaka 1879 Serikali ya Japani ikaufuta ufalme wao kabisa, ikavifanya visiwa kuwa mkoa wake. Basi hii ni sanaa ya watu waliotawaliwa. Sisi tuliotawaliwa na Mjerumani kisha Mwingereza hatuhitaji maneno mengi ili kufahamu jambo hilo.

Mwalimu wao humwita sensei. Neno hilo maana yake ni aliyetangulia kuzaliwa. Mahali pa mazoezi huitwa dojo, yaani mahali pa njia. Yeye ni mtu aliyekutangulia njiani, na mwenye kuelewa vizuri neno la namna hiyo kuliko mtu wa Unyamwezi ni nani? Nitarudi kwenye njia hiyo baada ya kidogo.

Mtu aliyeipeleka karate Japani akaifanya ijulikane alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jina lake Gichin Funakoshi, mzaliwa wa Shuri mwaka 1868, mtoto dhaifu asiyetazamiwa kuishi sana. Mwaka 1888 alianza kufundisha watoto, akaendelea na kazi hiyo kwa miaka kama thelathini. Mchana alishika chaki, usiku alishika njia kwenda kwa mwalimu wake Azato, taa mkononi. Huko uani aliambiwa arudie mfuatano uleule wa mapigo na hatua, ambao wao huuita kata, tena na tena, mwezi baada ya mwezi, na mzee ameketi barazani anatazama. Hakuhama kwenda kata nyingine mpaka mzee aridhike, na mzee hakuridhika upesi. Kata tatu za jina la Tekki zilimchukua miaka kumi. Kijana wa leo akiambiwa habari hizo atauliza mkanda mweusi unapatikana lini.

Lakini sikilizeni sehemu ya pili ya habari, kwa kuwa ndiyo inayosahauliwa. Mwaka 1922 Funakoshi alikwenda Tokyo kuonyesha karate, akaombwa abaki. Wakati huo alikuwa mtu wa zaidi ya miaka hamsini, mwenye mke na watoto aliowaacha Okinawa, na fedha hana. Akapata pa kulala katika bweni la wanafunzi waliotoka kwao Okinawa. Mchana alifagia vyumba vya wanafunzi wale, akasafisha uwanja, akalinda mlango. Jioni akawafundisha karate. Mwalimu mkuu wa karate ya Japani alifagia vumbi la wanafunzi wake, na hakuna aliyeona kwamba heshima yake imepungua.

Habari za Chojun Miyagi nazo ni za namna hiyo. Alianza kujifunza kwa Kanryo Higaonna mjini Naha mwaka 1902, akiwa na miaka kumi na minne. Alikuwa mtoto wa nyumba yenye mali, wala hilo halikumsaidia. Huelezwa kwamba wanafunzi wa Higaonna walichota maji na kufagia kwa muda mrefu kabla ya kuonyeshwa chochote, kisha wakapewa kata moja, Sanchin, ya kusimama, kuvuta pumzi na kukaza mwili. Miyagi hakumwacha mwalimu wake mpaka mzee yule alipofariki mwaka 1915. Yeye mwenyewe akaanzisha mtindo unaoitwa Goju-ryu, nao ndio ambao Mmarekani Mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliufundisha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na wanafunzi wake wakawafundisha wengine. Kwa hiyo vijana wengi wa Tanzania wanaoinama mbele ya mwalimu wao jioni wana babu wa kufundishwa huko Naha, wajue wasijue.

Na mikanda? Mikanda ya rangi na madaraja yake ilikopwa kutoka judo ya Jigoro Kano. Funakoshi alitoa mikanda myeusi ya kwanza ya karate mwaka 1924. Miyagi alifariki mwaka 1953 bila kumpa mwanafunzi wake hata mmoja daraja la namna hiyo. Nayasema haya kwa sababu nimewaona vijana waliolipa fedha, wakafanya mazoezi kwa miezi michache, wakapewa mkanda na cheti chenye mhuri, na baada ya hapo hawakuonekana tena uwanjani. Huo si ualimu. Ni duka, na muuza duka hana haki ya kudai kuheshimiwa kama mwalimu.

Sasa turudi nyumbani.

Kabla ya reli, watu na mali walipita hapa kwa miguu. Kutoka Bagamoyo kupita Mpwapwa na Ugogo mpaka Tabora, kisha kwenda Ujiji, ni zaidi ya kilomita elfu moja. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba frasila mbili begani, kama kilo 32, siku baada ya siku. Wazungu walioandika habari za safari zile walizoea kuwataja wapagazi kama nyumbu, na shule za wakoloni zilitufundisha kwamba kila mtu aliyepita njia ile alikuwa mtumwa. Si kweli. Utumwa ulipita njia ile, na aibu yake haifutiki. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, wenye kufanya kazi kwa ujira na kwa masharti waliyoyajua. Safari ya pwani ilikuwa chuo chao. Mtoto mdogo alianza kwa kubeba kipande kidogo cha pembe akifuatana na wakubwa wake, na kijana ambaye hajaiona pwani hakuhesabiwa kuwa amepevuka.

Mbele ya msafara alikwenda kirangozi. Alivaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, akashika bendera, na pembe na ngoma zilimfuata karibu. Ilikuwa mwiko kumtangulia, na aliyemtangulia alitozwa faini. Ukisikia hivyo utasema: huyu alikuwa bwana mkubwa. La, sivyo. Kirangozi alikuwa mpagazi. Naye alibeba mzigo, ingawa mwepesi zaidi. Alipewa kutangulia kwa sababu aliijua njia: wapi pana maji, mtemi gani anataka hongo ya kiasi gani, wapi wezi hujificha, lini jua litawaua watu wasipopumzika. Miguu yake ilikuwa na malengelenge kama ya wengine.

Na utii wao ulikuwa na masharti. Mkuu wa msafara aliyepiga watu ovyo, au aliyepunguza posho, aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na watu hawapo. Stanley na wazungu wenzake wamejaza vitabu kwa malalamiko ya wapagazi kutoroka, huku wakieleza katika kurasa zizo hizo jinsi walivyowachapa. Hawakuunganisha mambo hayo mawili. Sisi tunaweza kuyaunganisha.

Liko tukio moja ambalo ningependa kila mwanafunzi wa karate alijue, na kila kiongozi pia. Dokta Livingstone alifariki kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1873. Pale palikuwa na watu wake kama sitini, wengi wao wapagazi walioanza naye safari kutoka Kwihara, karibu na mji wetu huu, mwezi wa Agosti 1872. Mzungu hakuwapo hata mmoja. Hapakuwa na wa kuwaamuru, wala wa kuwaadhibu, wala wa kuwalipa. Wangeweza kuzika na kwenda zao. Wakafanya shauri, wakawaweka Susi na Chuma kuwa wakubwa wao, wakauzika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga katika magome na turubai, wakaubeba.

Oktoba 1873 walifika Kwihara. Hapo wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike papo hapo, kwa maana njia ya pwani ilikuwa ya hatari. Huyo ndiye mzungu, ndiye afisa, ndiye mwenye bendera. Wakakataa. Walisema watamfikisha pwani, na walipoona wenyeji wa njiani hawataki maiti ipite kwao, wakafanya hila: wakajifanya wanaurudisha mwili Unyanyembe, huku mwili wenyewe umefungwa upya kama robota la nguo na unaendelea mbele. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Vitabu vya Waingereza huwaita Susi na Chuma watumishi waaminifu, na ukilisoma neno hilo utadhani walikuwa mbwa waliolala kaburini kwa bwana wao. Mimi siwaoni hivyo. Uaminifu wao ulikuwa shauri lao wenyewe, waliloamua wakiwa huru, na waliweza kulitetea hata mbele ya afisa wa Kiingereza. Neno "hapana" walilomwambia Cameron ni sehemu ya uaminifu wao. Mtu asiyeweza kusema hapana, utamwaminije anaposema ndiyo?

Nchi hiihii ya Unyamwezi imeona pia utii wa namna nyingine. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa mtu mwenye akili na nguvu, tena aliwashinda wafanyabiashara Waarabu wa Tabora katika vita vya miaka ya 1870, na shule hapa mjini imepewa jina lake. Hatumwondolei heshima. Lakini ukweli nao una heshima yake. Jeshi lake lilikuwa la rugaruga, vijana wengi wao wasio na mke wala shamba, waliovaa nguo nyekundu na kuishi kwa kuteka. Walimfuata kwa ujasiri usio na kifani. Walimfuata yeye, na nyara. Alipofariki Desemba 1884, nchi kubwa aliyoiunganisha kwa mkono wake haikuchukua muda ikavunjika, kwa kuwa kilichowafunga watu kilikuwa mtu mmoja na faida. Wapagazi hawakuwa na mfalme mkubwa wala hawaimbwi katika sherehe zetu, lakini kazi yao ilivuka vifo vya virangozi wengi, maana kila kirangozi alimwachia mwingine njia.

Basi nikimwona kijana amefunga mkanda kiunoni, ningependa kujua: huyu analelewa awe mpagazi mwenye kirangozi, au awe rugaruga? Miguu ya wote wawili ina nguvu, na wote wawili hutii.

Mtu asidhani kwamba karate yenyewe, kwa kuwa ina kuinama na maadili yake ya kutaja kwa sauti mwisho wa mazoezi, basi haiwezi kupotoka. Imewahi kupotoka huko huko kwao. Katika miaka ya 1930 wakubwa wa majeshi wa Japani walizishika sanaa zote za mapigano, wakazitia katika shule ili watoto waandaliwe kuwa askari. Heshima kwa mwalimu ikageuzwa kuwa daraja la kupandia kwenda kwenye utii wa Kaisari usioulizwa. Wazee wetu waliovaa kofia za K.A.R. na kupelekwa Burma mwaka 1944 walikutana na matokeo ya mafundisho hayo msituni.

Okinawa yenyewe ililipa kuliko wote. Machi 1945, Wamarekani walipokaribia, wanafunzi wa kike wa shule mbili za Naha walichukuliwa kuhudumia hospitali ya jeshi katika mapango. Walikuwa wasichana 222 na walimu wao 18. Walimu ndio waliowaongoza kuingia. Katikati ya Juni jeshi likawaambia kazi imekwisha, kila mtu ajitegemee, wakatolewa nje kwenye mizinga. Katika wale 240 walikufa zaidi ya 130, wengi wao siku chache baada ya amri ile. Vijana wa kiume nao walitiwa jeshini kutoka madarasani. Jin'an Shinzato, mwanafunzi ambaye Miyagi alimtazamia kuirithi kazi yake, alikufa katika vita hivyohivyo. Dojo ya Funakoshi kule Tokyo iliteketea kwa mabomu mwaka uleule.

Mimi nilisomea ualimu, na habari za wasichana wale hazinitoki. Mwanafunzi humwamini mwalimu kabla hajaweza kupima maneno yake. Ndiyo maana ya kuwa mtoto. Kwa hiyo kosa la mwalimu si sawa na kosa la mtu mwingine. Yeye amekabidhiwa imani ambayo haijaweza bado kujilinda. Funakoshi alifundisha kwamba mtu wa karate hapigi wa kwanza, na kila kata yake huanza kwa kuzuia. Hiyo ni amana kubwa. Lakini mwalimu akimkodisha mwanafunzi wake kwa mtu anayetaka wa kumpigia, mafundisho hayo yote yamekuwa mapambo ya ukutani.

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha niliwaona walimu wawili katika shule moja. Wa kwanza alitembea na fimbo, na darasa lake lilikuwa kimya kama msikiti saa ya swala. Alipotoka nje tu, ungedhani ni gulio. Wa pili alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu. Hakuwa na fimbo. Aliingia kabla ya wanafunzi, akafuta ubao mwenyewe, na daftari alizokusanya Jumatatu alizirudisha Jumanne zimesahihishwa. Siku moja aliitwa ofisini saa nzima. Nilipita dirishani nikaona darasa lake linaendelea na hesabu kama kwamba yupo. Sijapata kuona maelezo bora ya nidhamu katika kitabu chochote tulichosomeshwa chuoni.

Katika dojo nako wako wenye kupiga. Katika Sanchin mwalimu humgonga mwanafunzi begani na mgongoni ili kupima kama mwili umekaza na pumzi imetulia. Hicho ni kipimo, na mwalimu mwema hukifanya bila hasira na kwa kadiri ya mwanafunzi. Lakini nimesikia pia vijana wakisimulia mapigo ambayo si kipimo cha kitu chochote ila cha hasira ya mpigaji, na kisha wakaambiwa wainame na kushukuru. Mzazi akiona hivyo amwondoe mtoto wake siku ileile. Asiogope kuambiwa hajui utamaduni wa Kijapani.

Mji huu wa Tabora una haki ya kusema juu ya ualimu. Julius Nyerere aliingia Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937. Akitoka Makerere alirudi hapahapa kufundisha St. Mary's ya Mapadri Weupe, ambayo sasa ni Mihayo, kuanzia 1946 mpaka 1949. Mkuu wa shule, Padri Richard Walsh, alimsaidia kwenda kusoma Edinburgh. Miaka michache baadaye, mwaka 1955, akiwa Pugu, alitakiwa achague kati ya kazi ya shule na siasa. Aliacha shule. Hakuwatukana mapadri waliomlea, wala hakuwaachia waamue njia ya nchi yake. Aliitwa Mwalimu mpaka alipofariki mwaka 1999, na jina hilo alipewa na watu, halikuwa na mhuri wala cheti.

Tena Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora. Shauri lilikuwa zito: je, chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja? Wajumbe wengi walifika wamekwisha kata shauri la kugomea. Nyerere angeweza kutumia cheo chake. Badala yake alisimama akawafundisha, hoja kwa hoja, mpaka wengi wao wakageuka. Zuberi Mtemvu hakugeuka. Akatoka, akaunda chama chake, na mwaka 1962 akagombea Urais dhidi ya Nyerere, akashindwa kwa kura. Huo ndio mkutano tunaouita Uamuzi wa Busara, na ulishinda kwa sababu watu waliobaki walikuwa wameshawishika, hawakuwa wameogopeshwa. Uchaguzi ulipofanywa, mwaka 1958 na 1959, wagombea waliokubaliwa na TANU walishinda.

Nayataja haya kwa sababu wako ndugu zetu wanaopenda kulitumia jina la Mwalimu huku wakikusanya vijana wenye misuli na kuwaita "vijana wangu". Neno "wangu" hapo lina kazi gani? Kijana hupewa fulana, posho ya siku, chakula, na ahadi ya kazi baada ya matokeo. Huambiwa asimame mlangoni, na wote tunajua kwamba hakuwekwa pale ili awaonyeshe watu viti. Majirani zetu wa Kenya katika miaka ya 1990 waliona kundi lililoitwa Jeshi la Mzee likiwapiga wapinzani barabarani. Litazameni jina lenyewe. Halikuwa jeshi la nchi, wala la chama, lilikuwa la mzee. Rugaruga hawakuisha mwaka 1884.

Na uchaguzi ukiisha, kijana yule huenda wapi? Mkubwa hapokei simu yake. Ile posho imekwisha. Kilichobaki ni mkono uliozoea kupiga na jina baya mtaani. Mwalimu wake wa karate, kama alimruhusu kwenda, amempoteza mwanafunzi. Na kama alichukua fungu lake katika posho ile, basi tumwite dalali wa watu, na njia yetu ya kale iliwajua watu wa kazi hiyo.

Wako watakaosema kwamba nataka vijana wasishiriki siasa. Sivyo. Mwanafunzi wa karate ana kura kama mtu mwingine, aje mkutanoni, aulize maswali, agombee. Tena tunahitaji sana watu waliojifunza kurudia jambo moja miaka mitatu bila kunung'unika. Katika matawi yetu watu wa namna hiyo ni haba. Lakini aje kama mwanachama, mikono yake ni yake. Katibu wa tawi anayekwenda dojo kuomba "vijana ishirini wenye nguvu" arudishwe mlangoni, kwa adabu, kama Cameron alivyorudishwa Kwihara. Na mwalimu atakayemrudisha tumlinde asije akanyang'anywa uwanja wa mazoezi kwa sababu hiyo, maana najua mchezo huo nao huchezwa.

Kwa mzazi anayetaka mtoto wake ajifunze, nina ushauri mmoja. Usitoe ada siku ya kwanza. Nenda ukaketi ukutani jioni tatu, utazame bila kusema. Tazama mwalimu anafika saa ngapi, kabla ya wanafunzi au baada yao. Tazama anamsahihisha vipi mtoto mnene asiyeweza kuinua mguu, na kama wakubwa wanamcheka na yeye ananyamaza. Sikiliza kama anazungumza habari za mwalimu wake aliyemfundisha, au habari zake mwenyewe tu. Muulize mwanafunzi mkubwa amekaa hapo miaka mingapi, na wenzake walioacha waliachia nini. Kisha ngoja mazoezi yaishe, sakafu iwe na jasho na vumbi, uone ni nani anayeshika ufagio.